Gramu Mia na Themanini na Nane

Jumatatu, 9 Januari

Mwalimu mpya wa kemia ameagiza kila anayefanya kazi maabara awe na daftari la kila siku. Nimenunua mawili. La kwanza ni la shule, humo nitaandika bika za kioo ngapi zimevunjika na nani kazivunja. Hili la pili ni langu, la kutolea dukuduku. Mtu wa miaka arobaini na saba hawezi kukaa na kila kitu tumboni.

Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Elimu yangu iliishia kidato cha pili, ila kila chupa katika yale makabati matatu naijua kwa sura na kwa tabia. Wanafunzi wananiita Mama Mizani, kwa kuwa napima kila kitu mara mbili. Huyo mwalimu mpya naye wamempa jina siku hiyohiyo ya kwanza: Jokofu. Ni binti tu, hajafika thelathini, lakini hacheki, na akikutazama unajishika kola kuangalia kama umefunga vifungo sawasawa. Simpendi. Nimeandika, imetoka.

Jumanne, 10 Januari

Joto. Nimeosha neli za majaribio mia mbili na kumi. Jokofu kazihesabu.

Alhamisi, 12 Januari

Leo nimepata balaa, naliandika lilivyokuja.

Mwaka huu bodi ya shule imetaka kemikali zote zipimwe. Miaka yote tulikuwa tunahesabu vyombo tu: chupa hii ipo, mfuko ule upo, basi. Sasa amekuja mtunza stoo, Bwana Stoo tunavyomwita, na rejista yake kubwa na kalamu nyekundu, tukaanza kupima kabati la kwanza. Chumvi sawa. Sukari sawa, ambayo ndiyo niliyoiogopea. Tukafika kwenye naftalini, zile chembe nyeupe zinazong'aa, ndugu wa vile vidonge vya kufukuzia mende kwenye nguo.

Rejista inasema gramu 500, mwezi Mei mwaka jana. Mizani ikasema 312.

Nikapima tena. 312.

Hiyo naftalini haikufundishiwa hata siku moja tangu Mei. Mwezi huo tulipohamisha makabati chupa yake ilipasuka, mimi nikaikusanya yote, nikaipima, nikaifunga kwenye mfuko wa karatasi ya kaki na kamba juu. Fundo langu hulijua mtu yeyote wa shule hii: linazunguka mara tatu na kuingia chini. Alinifundisha marehemu mama, na hakuna mwingine anayelifunga hapa. Na leo fundo lilikuwa vilevile, halijaguswa.

Bwana Stoo akaligeuza huku na huku. "Mama, hili fundo nani analiweza zaidi yako?"

"Hakuna."

"Basi aliyefungua na kufunga tena ni nani?"

Kumbe unadhifu wangu ndio unaonitia hatiani. Akaandika kwa kalamu nyekundu: pungufu gramu 188, yashukiwa wizi.

Ijumaa, 13 Januari

Mkuu wa shule kaniita. Bodi itakaa Ijumaa ya mwisho wa muhula, 31 Machi. Nisipokuwa na maelezo, nitakabidhi ufunguo na kazi nimeiacha. Mkuu ni mwanamke mwenzangu na tumeanza naye kazi mwaka mmoja. Hakuniangalia usoni.

Jumapili, 15 Januari

Naishi na mdogo wangu, fundi cherehani. Vyumba viwili: kimoja tunalala, kingine kina mashine yake, meza ya kukatia na masanduku ya vitambaa vya wateja. Asubuhi alifungua sanduku kubwa, harufu ikanipiga usoni. Naftalini.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si sokoni? Mende wamekula suti ya mtu."

Nikafunga sanduku. Lakini Novemba alikuja kunifuata maabara, nikamwacha peke yake dakika kumi nikimwaga maji machafu nje, na ufunguo ulikuwa mezani. Na huyu ndiye mtu pekee duniani, ukiniacha mimi, aliyefundishwa lile fundo.

Jumatano, 25 Januari

Joto lisilosemeka. Walimu wamehamia meza ya upande wa pili wakati wa chai. Sijui kama ni kivuli wanachofuata.

Jumamosi, 28 Januari

Nimemwambia. Mungu anisamehe, nimemwambia.

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nikamwambia kama alichukua aseme tu, sitamshtaki, nitajua la kuwaambia. Hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa akaweka sindano chini polepole.

"Dada, unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nasema harufu ni ileile na fundo ni lilelile."

"Nimekula sahani moja na wewe tangu nizaliwe. Leo unaninusia masanduku?"

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Akakunja vitambaa vya wateja kimoja kimoja, akaita mkokoteni, mashine ikapandishwa, akahamia kwa shangazi yetu, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Chumba sasa kina alama nne sakafuni pale miguu ya mashine ilipokuwa.

Nimekaa nikijiambia kwamba mtu asiye na hatia asingeondoka. Kisha nikajiambia kwamba mtu asiye na hatia angefanya nini kingine?

Alhamisi, 2 Februari

Nimepika kwa ajili ya wawili. Nimekula kwa ajili ya mmoja.

Jumanne, 7 Februari

Leo nitaandika hadi wino uishe.

Jokofu alikuwa na kipindi cha kidato cha tatu: tabia za vitu vilivyojengwa kwa molekuli ndogondogo, zile ambazo atomi zake hushirikiana elektroni. Kaniomba nimpangie mezani chumvi, sukari, nta ya mshumaa na naftalini kidogo. Ile naftalini ya kesi! Bwana Stoo alilazimika kusaini kwanza. Nikapanga, nikakaa kwenye stuli yangu ya nyuma na kitambaa cha kufutia, nikijifanya sisikilizi.

Akaweka nta kwenye kijiko juu ya kichomeo. Ikayeyuka kabla hajamaliza sentensi. Akaweka chumvi. Ikaruka-ruka na kulia, lakini kuyeyuka wapi. Akachukua betri na balbu: maji ya chumvi, balbu ikawaka, maji ya sukari, giza. Watoto wakaanza kusogeza stuli mbele.

"Sukari na nta ni watu wa aina moja," akasema. "Ndani ya molekuli, atomi zimeshikana kwelikweli, hapo hapachezewi. Lakini molekuli na jirani yake? Zimesimama pamoja tu kama watu kwenye foleni. Hazijashikana mikono. Ukizipa joto kidogo, mmoja anatoka zake. Ndiyo maana vitu hivi vingi ni laini, vinayeyuka upesi, na vingine vinanuka hadi mwisho wa darasa. Nani ananusa kitu?"

Mikono yote juu. Naftalini ilikuwa meza ya mbele, mimi niko nyuma kabisa, na hata mimi nilikuwa nainusa.

"Mnachonusa," akasema Jokofu, "ni kile ambacho kimeshaondoka. Hii haisubiri hata kuyeyuka. Inatoka kwenye ugumu inakwenda hewani moja kwa moja."

Kitambaa kikaniponyoka. Miaka kumi na tisa nimeinusa harufu hiyo kila nikifungua kabati, na sikuwahi kujiuliza harufu yenyewe ni nini. Nilidhani harufu ni kama sauti, kitu kinatoa na chenyewe kinabaki vilevile.

Nikasimama. Sijawahi kusimama katika kipindi cha mtu.

"Samahani, mwalimu. Inaondoka hata bila moto?"

"Hata wewe ukiwa umelala, mama."

"Hata ikiwa imefungwa kwenye karatasi?"

Akaweka chaki chini. Akaniangalia kwa yale macho yake, lakini safari hii sikujishika kola. "Karatasi ya namna gani?"

Darasa zima likageuka. Nikawaeleza pale pale, mfuko wa kaki, fundo, Mei mpaka Januari, kabati la dirishani linalopigwa na jua mchana kutwa. Jokofu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa aina yake: "Wiki nne nafanya kazi meza moja na wewe na sikukuuliza. Nilisoma rejista, nikaiamini. Nimekosa."

Jumatano, 8 Februari

Nilidhani Jokofu atakwenda moja kwa moja kwa Mkuu, kazi iishe. Akakataa. "Wakisikia mdomoni kwangu watasema namtetea mwenzangu. Waache waone kwenye mizani."

Tumefanya hivi. Mfuko wa kaki wenye naftalini gramu 100. Mfuko wa kaki wenye chumvi gramu 100. Chupa ya kioo yenye kizibo cha kubana, naftalini gramu 100. Uzito wa mifuko na chupa tumeshautoa. Vyote kwenye kabati lilelile la dirishani.

Bwana Stoo akaitwa ashuhudie. Nikamwambia, "Sifungi mimi. Funga wewe, fundo lako, na ufunguo wa kabati kaa nao wewe." Akafunga fundo moja baya, kama la mtu anayefunga mbuzi, akatia ufunguo kwenye mfuko wa suruali na kuupiga mara mbili. Kila asubuhi atakuja kufungua kabati, atapima mifuko ikiwa imefungwa vilevile, ataandika mwenyewe.

Alhamisi, 9 Februari

Naftalini ya karatasi: 99.3. Chumvi 100. Chupa 100.

Bwana Stoo kasema mizani mbovu. Kapima kalamu yake nyekundu mara tatu.

Jumapili, 12 Februari

Nimekwenda kwa shangazi. Mdogo wangu alikuwa anashona shati, hakunyanyua kichwa. Nikamweleza habari za molekuli na foleni, na mfuko wa karatasi, nikamwambia nimekosa.

"Kwa hiyo umejua si mimi kwa sababu mizani imekwambia," akasema.

"Mwalimu alieleza, nikaona..."

"Na mizani isingesema?"

Shangazi akaingilia kati akasema watoto wa kaka yake wote vichwa vigumu, na mimi ndiye niliyeanza kuzaliwa kwa hiyo nimechukua ugumu mwingi zaidi. Tukacheka wote watatu, kidogo. Lakini nilipoondoka mdogo wangu hakunisindikiza mlangoni.

Jumatatu, 20 Februari

91.4. Bwana Stoo leo alifika kabla yangu. Nilimkuta amesimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Mama, hili fundo langu halijaguswa."

"Naona."

"Na ufunguo ninalala nao."

"Naam."

"Sasa zile gramu nane zimekwenda wapi? Mwizi ni mimi?"

Nikacheka hadi nikashika meza. Naye akacheka, halafu akaacha ghafla. "Nilikuandikia neno zito mwezi ule," akasema. Nikamwambia aandike namba ya leo kwanza, ya moyoni tutayapima baadaye.

Ijumaa, 3 Machi

83.8. Jokofu kanifundisha kuchora grafu. Mstari unashuka kama ngazi ya nyumba ya mtu mwenye haraka. Siku za jua kali unashuka zaidi. Anasema molekuli zikipata joto zinachangamka, zinazotoka zinakuwa nyingi. Nimemuuliza kwa nini hacheki. Kasema shule aliyotoka wanafunzi walimdharau kwa udogo wake, akaamua kuanza na uso mgumu mahali papya. Nikamwambia aendelee kidogo, kidato cha nne bado wanamchunguza.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua imeanza. Maabara inavuja kona ya kulia, nimeweka ndoo. 79.8.

Jumanne, 14 Machi

80.2.

Imepanda. Jana 79.8, leo 80.2. Tumepima mara nne. Bwana Stoo kaandika, na uso wake umesawijika kuliko wangu. Kitu kilichokwenda hewani hakirudi usiku kikajikunja mfukoni! Bodi wakiona namba hii watasema tumeicheza mizani, na mimi nimewaingiza watu wawili wema kwenye aibu yangu.

Jokofu yuko kwenye semina mjini, harudi hadi Alhamisi.

Nimekaa nyumbani jioni yote nikiangalia zile alama nne sakafuni. Nimewaza kuandika barua ya kuacha kazi mwenyewe kabla sijafukuzwa. Nimechukua hata karatasi. Ilikuwa laini, imelegea, unyevu wa mvua umeiingia, na kalamu ikachimba badala ya kuandika. Nimeiacha.

Jumatano, 15 Machi

Karatasi ile ya jana! Nimeamka nayo kichwani. Kama karatasi ya mezani kwangu imekunywa unyevu, ya kwenye kabati je?

Nimekimbia shuleni nywele sijachana. Nikamwambia Bwana Stoo, "Hebu tazama chumvi." Chumvi ilikuwa 101.3. Wiki tano imekaa kwenye 100, mvua imeingia siku tatu, nayo imenenepa. Tangu mvua ianze tulikuwa tumekazia macho naftalini tu, namba ya chumvi ikiandikwa bila kutazamwa. Chumvi na karatasi zote zinapenda maji.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo tupime mfuko mtupu."

Tulikuwa na mifuko ya kaki mingine ya boksi lilelile, mikavu, tangu Februari imefungwa kwenye plastiki. Tukapima mmoja mkavu. Kisha tukapima mmoja uliokuwa umelala wazi kabatini. Huo wa kabatini ulikuwa umezidi gramu 0.9. Tukatoa hizo 0.9 kwenye 80.2. Tukapata 79.3.

Bwana Stoo akanipigia saluti, na rejista kwapani.

Alhamisi, 16 Machi

Jokofu karudi, kasoma daftari zima amesimama, hajaweka hata mkoba chini. Akauliza nani aliyewaza kupima mfuko mtupu. Bwana Stoo akaninyooshea kidole. Jokofu akacheka. Ana meno mazuri, kumbe.

Jumanne, 21 Machi

Mvua. 77.9, unyevu wa mfuko umeshatolewa. Baridi imezipunguza mwendo.

Alhamisi, 30 Machi

75.1. Chupa ya kizibo bado 100, haijatikisika. Kesho bodi. Nimepiga pasi gauni.

Ijumaa, 31 Machi

Walikuwa watu saba kwenye meza ndefu. Mwenyekiti ni seremala mstaafu, mzee mwenye vidole vinene vilivyopoteza kucha moja. Jokofu akaeleza, Bwana Stoo akasoma namba zake siku baada ya siku kwa sauti ya mtu anayesoma habari redioni. Alipomaliza akatoa mfuko, akaonyesha fundo lake la mbuzi. "Halijafunguliwa tangu tarehe nane Februari," akasema. "Na mwenye ufunguo ni mimi."

Mkuu akashusha pumzi. "Basi hakuna mwenye kosa. Ni tabia ya kitu chenyewe."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, ningepita nao kimya kimya. Nikashindwa.

"Kosa lipo," nikasema. "Naftalini imefuata tabia yake, lakini karatasi nilichagua mimi. Chupa ya kizibo ilikuwepo kabatini, tupu. Niliona mfuko wa kaki umependeza. Mwizi hakuna, ila gramu zile nimezipoteza mimi."

Nikaona Jokofu amefumba macho. Nilidhani nimejimaliza.

Mwenyekiti akakaa akiangalia vidole vyake. "Nilikuwa na fundi mwenzangu," akasema, "tapentaini yangu ya kuchanganyia rangi ikawa inapungua kwenye kopo. Kopo lilikuwa na kifuniko cha gazeti. Nilimfukuza." Akasugua kidole kisicho na kucha. "Alikuwa na watoto wanne."

Kisha akavuta rejista, akakata yale maneno mekundu mwenyewe kwa mkono wake, akaandika juu yake: imepotea hewani kwa kufungwa vibaya, hakuna aliyeiba. Nabaki na ufunguo. Na muhula ujao nitawafundisha kidato cha kwanza namna ya kuhifadhi kemikali, kipindi kizima, mimi mwenyewe, mbele ya ubao. Wameniandikia na barua yenye muhuri.

Nje Mkuu akanishika mkono, akaniangalia usoni.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimekwenda kwa shangazi na barua yangu kwenye bahasha. Nilitegemea, nisiseme uongo, kukumbatiwa. Mdogo wangu akaifungua, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale panaposema hakuna aliyeiba. Akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake na kunirudishia.

"Hongera, dada. Nimefurahi kweli." Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Hii ni yako. Yangu iko wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Mimi nilishukiwa miezi miwili na nusu, bodi nzima ikakaa kunisafisha. Yeye alishukiwa na mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuja mara moja na habari za molekuli akidhani inatosha.

Nikamwomba shangazi karatasi. Akanipa ya nyuma ya kalenda. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikaandika: Mimi dada mtu, mwenye akili timamu, nilimwita mdogo wangu mwizi kwa sababu ya harufu. Nilikuwa namjua tangu siku aliyozaliwa, na sikuhitaji mizani. Nimekosa. Nikaweka tarehe, nikaweka sahihi. Shangazi naye akaweka sahihi yake chini, shahidi, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mdogo wangu aliisoma mara mbili. Akaibandika kwa pini ukutani, usawa wa macho ya wateja, akarudi nyuma hatua moja kuiangalia kama imenyooka. Kisha akaibandua, akaitia kifuani, akainama akashika mashine upande mmoja.

"Shika upande ule," akasema. "Tukikaa hapa tukiongea, mvua itatukuta njiani."